Makasha ya Ala Zetu Yasitupwe

Nimeshika kalamu niseme juu ya jambo ambalo wengi hulipita kila siku bila kulijali, nalo ni hali ya makasha ya ala za muziki katika stoo yetu.

Hebu mtu aingie mle ajionee. Kasha la gitaa limechubuka pembe zote hadi mbao zaonekana. La kodiani limebanduka, ngozi yake bandia yaning'inia kama masikio ya mbuzi. La tarumbeta halina kibanio hata kimoja, hufungwa kwa kamba ya katani. Sasa kuna uvumi ati makasha haya yatupwe, na wazazi wachangishwe pesa za kununua mapya. Kwa maoni yangu, napinga. Yakarabatiwe, tena na sisi wenyewe.

Wapo wanaosema, "Kasha halipigwi, kinachopigwa ni tarumbeta. Uzuri wa nje una faida gani?" Wenzangu, ngozi ile haikuwekwa kwa urembo tu. Ndiyo inayozuia maji yasifike kwenye mbao. Ikibanduka, mbao hunywa maji na kuvimba, gundi huachia, na ukungu huingia. Mpini nao ukilegea, siku moja utang'oka. Muhula jana si sote tuliona tarumbeta ikianguka ngazini? Bomba lilibonyea, vali moja ikakwama, na mwenzetu aliyefanya mazoezi wiki nzima akaishia kupiga kayamba. Ribiti mbili tu zingemwokoa! Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tukumbuke pia kwamba wengi wetu hatuna ala nyumbani. Ile ya shule ikiharibika, basi, masomo ya muziki yamekwisha kwetu. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka wa 1927, na kila mwaka shule hushindana. Je, sisi tutakwenda na nini?

Wengine watasema hatuna ufundi. Jamani! Kazi yenyewe si ya ajabu. Kwanza ala itolewe, iwekwe mahali pakavu. Kasha lipanguswe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kilichokamuliwa vizuri, maana likiloweshwa gundi itaachia zaidi. Likikauka, ngozi iliyobanduka ipakwe gundi, ikandamizwe na kufungwa kwa kamba hadi kesho yake. Mbao zilizo wazi zipigwe msasa, kisha zifunikwe kwa kipande cha ngozi bandia. Lakini tusikimbilie rangi ya mafuta! Juu ya ngozi bandia huweza kubaki ikinata au kupasuka. Kwa kasha jeusi, rangi ya viatu yatosha, mradi isuguliwe sana, la sivyo itaishia kwenye mashati yetu.

Palipotushinda, mafundi wapo. Fundi viatu anaweza kushona mpini kwa dakika chache. Nao mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, wanaotengeneza masanduku ya bati tunayokuja nayo shuleni, wanajua fika kukunja kipande cha bati kiwe kinga ya pembe. Mafundi kama hao hawakosi hata huku mitaani kwetu.

Sisemi kila kasha litapona. Lile ambalo mbao zake zimeoza au kuliwa na mchwa, na liende zake. Lakini kubanduka ngozi si kufa.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985 ulisisitiza kazi za mikono. Mtaala wa umilisi nao wamtaka mwanafunzi atende, si akariri tu. Basi tutatenda lini? Napendekeza kila darasa lichukue kasha moja, na tutenge Jumamosi moja kila mwezi baada ya chakula cha mchana. Gundi, msasa na ribiti vinunuliwe kwa pesa za chama. Na tuwaombe walimu wetu watuachie ufunguo wa stoo siku hiyo.

Mzazi aliyeuza ndizi ili alipe karo asiombwe pesa za kasha jipya kwa sababu sisi tulishindwa kugandisha ngozi. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Haya, nani ataleta msasa?