Simu za Kebo: Mzigo wa Mitambo Umemwangukia Nani?

Kwa zaidi ya miaka 20 sasa, makampuni ya televisheni ya kebo nchini Marekani yamekuwa yakijisifu kwamba yameishusha bei ya simu ya nyumbani. Sifa hiyo haina budi kuchunguzwa. Gharama ya mitambo haikufutika. Sehemu yake imehamishwa kimya kimya kutoka katika vitabu vya makampuni hadi mfukoni mwa mwananchi.

Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1996 ilipofungua mlango wa ushindani, matajiri wa biashara hiyo walidhani kazi ni nyepesi: waya wa televisheni umekwisha kufika majumbani, basi na upitishe sauti. AT&T, chini ya mwenyekiti wake C. Michael Armstrong, iliinunua TCI mwaka 1999 na MediaOne mwaka 2000, kwa jumla ya zaidi ya dola bilioni 100. Ndipo hesabu ya kweli ilipojitokeza. Sehemu kubwa ya waya huo ilikuwa imetandazwa kupeleka picha upande mmoja tu, na mtazamaji hakuwa na njia ya kujibu. Ili sauti yake irudi, vikuza-mawimbi vilivyotundikwa nguzoni ilibidi vibadilishwe, mitaa igawanywe katika mafungu madogo, na makelele yanayopenya kwenye kila kiungo kilicholegea yazuiwe. Zikahitajika pia swichi za simu, kifaa katika kila nyumba, na fundi wa kukifunga. Mwaka 2002 mtandao huo ukaangukia mikononi mwa Comcast, kwa bei iliyo chini ya ile ulionunuliwa.

Baadaye ukaja ufundi wa kuipitisha sauti pamoja na intaneti. Cablevision ilianza kuuza simu ya namna hiyo mwaka 2003. Mitambo yake ni rahisi zaidi, na hakuna mwenye akili anayeulaumu ufundi wenyewe. Kinacholaumiwa ni namna urahisi huo ulivyopatikana. Simu ya waya wa shaba hupata umeme wake, kiasi cha volti 48, kutoka kituo cha simu chenye betri na jenereta. Umeme wa mtaa ukikatika, simu huendelea kulia. Kifaa cha kebo hula umeme wa mwenye nyumba, na ukizimika nacho hunyamaza. Mzee aliyeshikwa na moyo usiku wa tufani hawezi kupiga 911.

Eti ana simu ya mkononi! Tufani ya Sandy ilipopiga Oktoba 2012, takriban robo ya minara ya simu hizo katika eneo lililoathirika ilizimika.

Hata modemu yenyewe, wateja wengi hulipishwa kodi yake kila mwezi, mwaka hadi mwaka, hata baada ya thamani yake kurudi. Bell ya zamani nayo haikuwa malaika. Ilikodisha hata simu ya mezani. Lakini haikumwambia mteja atafute umeme wake. Tamaa ya siku hizi ilifika mahali ambapo, Desemba 2019, ilibidi itungwe sheria ya kuwakataza watoa huduma kutoza kodi ya kifaa ambacho mteja amejinunulia mwenyewe.

Na serikali je, juu ya umeme? Mwaka 2015 Tume ya Mawasiliano ya Marekani ilitoa amri kuhusu betri za akiba. Mtu angetegemea kwamba makampuni yangeamriwa kuzitoa. La hasha! Yaliamriwa kuziuza: mteja apewe nafasi ya kununua, kwa fedha zake, akiba ya saa 8, na baada ya miaka mitatu akiba ya saa 24. Asiye na fedha abaki gizani na simu yake bubu. Na hata wajibu huo mdogo uliwekewa tarehe ya kukoma: 1 Septemba, 2025.