Jembe Lisilo na Mpini ni Jembe: Sheria Ihesabu Vipuri vya Bunduki



Ukienda dukani kununua jembe, aghalabu utauziwa chuma kitupu. Mpini utauchonga mwenyewe nyumbani. Hata hivyo, ukiulizwa umenunua nini, hutajibu kwamba umenunua kipande cha chuma; utasema umenunua jembe. Lugha yetu imekwisha kutoa hukumu: kitu huitwa kwa kazi kilichoundiwa, hata kabla hakijakamilika.

Hoja hiyo ya lugha ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Sheria ya mwaka 1968 ya nchi hiyo inawataka wanaofanya biashara ya bunduki wawe na leseni, silaha ziwe na namba, na kumbukumbu za mauzo zitunzwe. Wapo walioikwepa kwa kuuza vipuri vyote ndani ya boksi moja, fremu ikiwa imebakizwa kidogo tu isikamilike. Mnunuzi huimalizia nyumbani kwa vifaa vya kawaida. Silaha haina namba, mwenyewe hajulikani, na mwuzaji anaapa kwamba hakuuza bunduki! Mwaka 2017 polisi wa Marekani waliwasilisha silaha za aina hiyo zipatazo 1,600 ili asili yake itafutwe. Kufikia mwaka 2021 idadi ilikuwa imepita 19,000.

Mwaka 2022 serikali ilitoa kanuni ya kuvihesabu vifurushi hivyo kuwa bunduki, nayo ikapingwa mahakamani. Tarehe 26 Machi 2025 majaji 7 dhidi ya 2 waliikubali. Uamuzi uliandikwa na Jaji Neil Gorsuch, aliyeteuliwa na Rais Trump, ambaye hakuna awezaye kumwita adui wa wenye bunduki. Alieleza kwamba jina la kitu kilichoundwa na binadamu huweza kukihusu hata kikiwa hakijakamilika. Alitaja pia kifurushi ambacho mtu asiyekuwa na uzoefu nacho alikigeuza bastola kamili kwa dakika 21. Si kila kipande kiliingizwa katika hukumu hiyo, lakini mlango wa ujanja ulizibwa.

Usiseme, msomaji, kwamba hayo ni ya Wamarekani. Mkataba wa Kinshasa wa mwaka 2010, unaohusu silaha ndogo ndogo katika Afrika ya Kati na ulioanza kutumika mwaka 2017, umevitaja vipuri hadi katika jina lake. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha za moto imefanya vivyo hivyo. Waandishi wake walijua kwamba anayezuiwa kuvusha bunduki nzima mpakani ataivusha vipande vipande. Haba na haba hujaza kibaba. Nayo mitutu na fremu hujaza ghala la mwasi.

Wapo watakaodai kwamba kudhibiti vipuri ni kumwonea fundi chuma, kwa kuwa kila bomba laweza kuwa mtutu. Hoja hii ni dhaifu. Itifaki ya mwaka 2001 haikugusa kila bomba na kila parafujo. Inataja kitu kilichoundwa mahsusi kwa ajili ya bunduki na ambacho bila hicho bunduki haifanyi kazi, kama vile mtutu, fremu na silinda. Fundi wa majembe hana la kuogopa.

Wengine watauliza: je, serikali yenyewe ni safi? Swali hili ni zito, nami silikwepi. Katika nchi zetu za Maziwa Makuu, raia ameuawa kwa bunduki ya mwasi na kwa bunduki ya dola pia. Basi daftari la vipuri lisiishie dukani. Lianze katika ghala la jeshi na la polisi, na kila mtutu unaotolewa uwe na jina la aliyeutoa na aliyeupokea. Udhibiti unaombana raia na kumwacha mtunza ghala huru ni dhuluma. Lakini dawa ya dhuluma hiyo ni kuwahesabu wote, wala si kuacha kuhesabu.

Bunduki isiyo na namba haimtaji mwenyewe. Mama aliyefiwa na mwanawe huambiwa kwamba upelelezi unaendelea, na kumbe hakuna pa kuanzia. Gharama ya neno lililoachwa nje ya sheria hulipwa na mama huyo.

Kwa hiyo, msomaji, itafute sheria ya silaha ya nchi yako uisome kifungu cha tafsiri ya maneno, kile ambacho wengi hukiruka. Angalia neno "bunduki" limefafanuliwaje, na kama vipuri vimo. Visipokuwemo, mwulize mbunge wako kwa nini, kabla hajaja kukuomba kura.