MAJINA KATIKA KITABU SI WATOTO KATIKA KALASI



Sisi tunaofanya kazi ya karani katika mgodi tunajua jambo moja juu ya majina. Jina la mtu likiandikwa katika kitabu siku anapoingia kazini, hilo si ushuhuda kwamba leo yuko kazini. Kwa sababu hiyo, kila asubuhi kabla ya kazi kuanza, majina yanaitwa. Aliyepo anaitika. Asiyepo, tunauliza habari zake: Ni mgonjwa? Amefiwa? Ameacha kazi? Hakuna kompani inayotoa shaba kwa majina ya watu walioandikwa zamani. Shaba inatoka kwa mikono iliyopo leo.

Basi tunauliza: kwa nini watoto wa vijiji vyetu hawahesabiwi namna hiyo?

Mwezi wa Juni tulikwenda kijijini kwa matanga ya mjomba wetu. Safari ya siku mbili, kwa lori na kwa kinga. Nyumba ya masomo ya pale ina kuta za udongo, na juu yake nyasi. Direkta ni mzee wa heshima, amefundisha watoto na watoto wa watoto. Tulimwomba atuonyeshe kitabu chake, naye akakifungua bila kuficha kitu. Mwezi wa Septemba, katika kalasi ya kwanza, yaliandikwa majina 87. Tukaingia ndani, tukahesabu vichwa: 34. Katika kalasi ya sita tulikuta watoto tisa, na wasichana kati yao wawili tu.

Tukamwuliza: «Baba direkta, wengine wako wapi?»

Akacheka bila furaha, akatujibu: «Mwanangu karani, mvua ilichukua wengine, shamba lilichukua wengine, na ndoa ilichukua wasichana. Lakini kwa wakubwa wote 87 wako hapa, maana hesabu iliyopanda juu ni ile ya Septemba.»

Wandugu, neno hilo halikutuacha tulale. Mtoto aliyeandikwa Septemba na kupotea Januari, huyo amesoma nini? Amejua kushika chaki. Hajajua kusoma barua, hajajua kuhesabu bei ya gunia la mahindi ya baba yake mbele ya mfanya biashara. Lakini katika karatasi za wakubwa yeye ni mwanafunzi, na hakuna anayemtafuta.

Hesabu ya namna hii si mpya katika inchi yetu. Wakati wa ukoloni, Wabelgiji walijisifu mbele ya dunia kwamba Kongo ina watoto wengi katika masomo kuliko inchi nyingi za Afrika. Na ilikuwa kweli kwa hesabu ya majina. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, watoto zaidi ya milioni moja walikuwa wameandikwa katika masomo ya msingi, karibu wote katika masomo ya misioni. Lakini wengi wao walikuwa katika kalasi ya kwanza na ya pili. Masomo mengi ya vijijini hayakupita miaka miwili: kusoma kidogo, hesabu kidogo, katekisimu, na jembe. Na siku ile bendera ya Ubelgiji iliposhushwa, watu weusi wenye diploma ya universite hawakufika 30 katika inchi nzima. Milioni chini, wasiofika 30 juu! Hapo ndipo unapoona udanganyifu wa kuhesabu mlangoni bila kuhesabu ndani.

Hatusemi haya ili kutukana misioni. Sisi wenyewe tulisoma kwa mapadri, na bila wao kalamu hii isingekuwa mkononi mwetu. Tunasema ili tusirudie kosa lile lile sisi wenyewe, bila mzungu wa kumlaumu.

Tukumbuke vile vile njia tuliyopita baada ya uhuru. Mwaka 1974 serikali ya Mobutu ilianza kunyang'anya makanisa masomo yao. Mwaka 1977 ikayarudisha kwao kwa mapatano, kwa sababu mzigo ulikuwa umeishinda. Halafu ikaja miaka ya 1990. Leta haikulipa walimu tena, au iliwalipa feza isiyonunua hata kikapu cha mihogo. Wazazi ndio waliochukua mzigo: minervali, na juu yake feza ya kumshikilia mwalimu asikimbie. Tangu hapo masomo yakawa ya mwenye feza. Katika makambi ya migodi watu walikuwa bado na masomo ya kompani, lakini Gécamines ilipoanguka, nayo yaliyumba. Mwaka 2003, wafanyakazi karibu 10,000 walipotolewa kazini, watoto wangapi walitoka kalasini pamoja na baba zao? Watu wa Likasi, wa Kipushi na wa Kolwezi wanajua jibu. Basi sisi wa mji tuliionja shida ambayo kijiji kinaila kila mwaka.

Katiba ya mwaka 2006, katika mlango wa 43, ilisema kwamba masomo ya msingi ya serikali ni ya lazima na ni ya bure. Neno hilo lilikaa katika karatasi miaka 13. Mwezi wa Septemba 2019 ndipo serikali ilianza kulitimiza katika inchi yote. Watoto walikuja kama mto wakati wa masika. Serikali yenyewe ilitangaza watoto zaidi ya milioni nne walioingia au kurudi masomoni. Mwezi wa Juni 2020 Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 800 ili kusaidia kazi hiyo.

Tuseme kweli: hilo lilikuwa jambo jema. Mama aliyekuwa akichagua mtoto mmoja kati ya watano, nani asome na nani abaki, alipumua. Anayesema masomo ya bure ni kosa, hajawahi kuwa maskini.

Lakini mlango ulifunguliwa, na nyumba ikabaki ndogo. Sheria iliondoa minervali. Haikuleta mabenchi siku ile ile. Haikufupisha njia ya mtoto anayevuka mito miwili wakati wa mvua, na mvua zetu zinaanguka katikati ya mwaka wa masomo. Haikununua daftari, wala shati nyeupe na kaptula ya bluu. Na zaidi ya yote, haikuwapa walimu wote namba. Mfanyakazi wa mgodi anajua maana ya namba: asiye na namba hana mshahara. Wako walimu wengi vijijini wanaofundisha miaka na miaka bila kuingia katika listi ya malipo ya Leta. Mwalimu huyo atakula nini? Analima, anavua samaki, au anaomba wazazi feza tena kwa mlango wa nyuma. Hapo bure inakuwa neno tu, na mtoto wa maskini anatoka tena, kimya, bila mtu kufuta jina lake katika kitabu.

Tunasikia wengine wakisema: «Karani, hayo ni mambo ya kijijini. Sisi tuko mjini, watoto wetu wanasoma.» Wandugu, hapana. Bukari tunayokula inatoka wapi? Mahindi, mihogo, makala ya kupikia, samaki wa Mweru na wa Lualaba, vyote vinabebwa na watu wa Kasenga, wa Pweto, wa Bukama, wa Malemba-Nkulu. Na mtoto aliyepotea katika kitabu cha direkta hapotei katika dunia. Wengine tunawaona hapa kwetu. Mvulana aliyeacha kalasi ya tatu ndiye yule anayebeba magunia kwa wachimbaji wa mikono karibu na Kolwezi, au anayeosha mawe mtoni, maji yakimfika kiunoni. Inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na vidole vya watoto vimo ndani yake.

Na msichana? Hapa tunapaswa kujikemea sisi wenyewe. Ni nani kati yetu hajamtoa mtoto wa ndugu yake kijijini? Tunafika na kilo mbili za sukari na kitenge, tunamwambia dada: «Nipe huyu mdogo, atasoma mjini.» Dada anafurahi, anampa. Na mtoto akifika mjini, anaamka saa kumi na moja kuchota maji, anabeba mtoto wetu mgongoni, anatwanga sombe, anauza mikate mlangoni. Watoto wetu wanatoka asubuhi na mifuko yao ya vitabu, yeye anawafungia mlango. Kule kijijini jina lake bado liko katika kitabu. Sisi ndio tuliomtoa kalasini, na halafu tunalaumu Leta! Kama tulisema atasoma, basi asome. Kama hatuwezi, tumrudishe kwa mama yake kabla ya Septemba.

Sasa tuongee juu ya feza, maana wengi wanasema hakuna feza. Sheria mpya ya madini, iliyotiwa sahihi mwezi wa Machi 2018, inasema wazi. Katika kila franka 100 za kodi inayolipwa juu ya madini yanayouzwa, 50 ni za serikali kuu, 25 ni za provinsi, 15 ni za mji, komini, sekteri au sheferi ambamo mgodi unachimba, na 10 ni za mfuko wa vizazi vijavyo. Tena sheria hiyo hiyo inaamuru kila kompani inayochimba itenge angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yake ya mwaka kwa ajili ya maendeleo ya watu wanaokaa karibu na mgodi. Ni franka tatu katika kila elfu. Ni kidogo machoni, lakini hesabuni ni elfu ngapi zinazotoka kila mwaka katika shimo moja la shaba!

Feza hiyo si zawadi ya bwana mkubwa, ni haki. Inaweza kujenga kalasi za matofali na kununua mabenchi. Na ile sekteri isiyo na mgodi, haipati kitu katika zile 15. Kwa hiyo 25 za provinsi na 50 za serikali kuu ndizo zinazopaswa kuifikia. Mtoto wa Kapanga au wa Kaniama hakuchagua kuzaliwa mbali na shaba.

Basi tufanye nini? Tunaona mambo manne, na hakuna hata moja linalotaka bunduki au kelele.

Jambo la kwanza: watoto wahesabiwe mara mbili, Septemba na Juni, kalasi kwa kalasi, wavulana kando na wasichana kando. Hesabu hizo mbili zisomwe kwa sauti mbele ya wazazi, chini ya mti, ili kila mtu asikie tofauti. Komite ya wazazi iko karibu kila mahali. Mara nyingi imelala. Tuiamshe.

Jambo la pili: kila mmoja wetu anayejua kusoma hesabu, akienda kwao kwa matanga au kwa ndoa, asirudi bila kumsalimu direkta na kuuliza kitabu chake. Asiende kama polisi. Aende kama mtoto wa kijiji. Kisha amwulize chefu wa sekteri: zile 15 zilifika? Zilijenga nini? Chefu mwema atafurahi kuonyesha. Asiyefurahi, tumwulize tena, kwa heshima, mbele ya watu.

Jambo la tatu: katika masendika yetu ya wafanyakazi na katika likelemba zetu, tuweke neno la walimu wasio na namba. Sisi tunajua kudai namba zetu. Tudai na zao. Mwalimu mwenye njaa hawezi kushindana na shamba wala na mgodi.

Jambo la nne ni lile la wasichana walio jikoni mwetu. Hilo halingoji serikali. Linaweza kuanza jioni hii, tukirudi nyumbani.

Wandugu, mwaka 1960 baba zetu walipata inchi yenye majina mengi katika vitabu na watu wachache wa kuiongoza. Waliteseka kwa sababu hiyo, na sisi bado tunateseka. Tusiwaachie watoto wetu vitabu vile vile. Mgodini, jina likikosa kuitika, kazi yote inauliza: yuko wapi? Na ikiwa ameshuka shimoni na hakupanda, hakuna anayekwenda kulala mpaka apatikane.

Katika kijiji kile tulichokifika, watoto 53 hawakuitika. Tukawatafute.