Marudio si takataka!

Jamani wadau, sisi waandishi wa programu tuna ugonjwa: tukiona kitu kimerudiwa, tunakifuta. Jana barazani Kibokoni, Mji wa Kale, mwenzangu kashikilia kwamba DNA iliyojirudia ni takataka tu. Nikamwambia, hebu tazama minyoo!

C. elegans (jenomu yake ilitolewa 1998) ana jeni ya 5S, ya RNA ya ribosomu, imerudiwa mara mia hivi, na kando yake jeni ya SL1, RNA inayobeba kipande cha herufi 22. Nduguye C. briggsae (2003) naye hivyo hivyo. Jeni zimebaki karibu vilevile. Nafasi za katikati ndizo zilizobadilika. Hata Brugia malayi, mnyoo wa matende wa Asia, ana herufi zilezile 22!

Sasa njoo pwani yetu. Mwaka 1958 wataalamu walieleza mnyoo wa paka na mbwa kisiwani Pate, huyu anayeitwa leo Brugia patei. Ukimpima mbu kwa sehemu isiyobadilika, utamtofautishaje na Wuchereria bancrofti wa binadamu? Utagawa dawa kijiji kizima kwa sababu ya paka! Zitafute tofauti kwenye zile nafasi za katikati. Lakini programu zetu za kuunga jenomu, zikipewa vipande vifupi, huzibana nakala mia zikawa moja. Halafu mnaniambia takataka?