Nani Ameiandika Historia ya Nyumba ya Bia?

Mara kwa mara twasikia baadhi ya walimu wenzetu wakishauri hivi: mwanafunzi akikutana na nyumba ya bia katika kitabu cha Kiingereza cha enzi ya Malkia Victoria, aambiwe kwamba ni pango la walevi, kisha somo liendelee na mambo ya maana. Ushauri huo twaupinga. Hatuupingi kwa kupenda pombe, maana miongoni mwetu wamo wasioionja kabisa. Twaupinga kwa sababu ni elimu mbovu.

Tuanze na neno lenyewe. Nyumba ya bia ya miji ya Uingereza haikuwa hoteli, wala haikuwa baa kama tuzijuavyo. Ilikuwa nyumba hasa, yenye watu wake. Sheria ya mwaka 1830, iliyopitishwa chini ya serikali ya Duke wa Wellington, ilimruhusu mwenye nyumba aliyelipa kodi kununua leseni kwa paundi mbili na shilingi mbili, akauza bia sebuleni kwake, hata ile aliyoipika mwenyewe, bila kuwapigia mahakimu magoti. Pombe kali hakuruhusiwa kuuza. Serikali ilitaka watu waache pombe kali wanywe bia, na ilitaka pia kuvunja nguvu ya matajiri wa viwanda vya bia waliokuwa wameyashika mabaa mengi. Katika miezi michache ya kwanza zilitolewa leseni zaidi ya 24,000.

Juu ya mlango kiliwekwa kibao chenye jina la mwenye nyumba na maneno ya kuonyesha kwamba ameruhusiwa kuuza bia. Aghalabu mume alikuwa na kazi nyingine mchana, na mke ndiye aliyewahudumia wateja. Mume akifa, mara nyingi mjane aliendelea na biashara hiyo ili alee watoto. Je, hilo nalo ni pango?

Sasa tuwatazame mashahidi. Walioandika juu ya nyumba hizo ni mahakimu walionyang'anywa madaraka yao na sheria ile, polisi, na wahubiri wa kuacha pombe. Hata Friedrich Engels, aliyewatetea wafanyakazi wa Manchester katika kitabu chake cha mwaka 1845, aliilaumu sheria ya 1830 kwa kueneza ulevi. Waliokaa juu ya mabenchi yale hawakuandika sana. Mwamba ngoma huvutia kwake, na katika habari hii wamba ngoma wote walikuwa upande mmoja.

Hatukatai kwamba ulevi ulikuwapo. Kuna mishahara iliyoishia katika pipa, na kuna watoto waliolala na njaa. Lakini mwalimu asemaye hayo tu amesema nusu. Mfanyakazi yule aliishi na jamaa zake katika chumba kimoja au viwili, na maji ya mtaani kwake yaliweza kumwua. Mwaka 1854, kipindupindu kilipoua mamia ya watu katika mtaa wa Soho, London, daktari John Snow aliona kwamba watu zaidi ya 70 waliofanya kazi katika kiwanda cha bia cha Broad Street hawakufa hata mmoja, kwa kuwa walikunywa bia badala ya maji ya bomba la mtaani. Tena, chumba chenye moto na benchi ndimo vyama vya kusaidiana na kuzikana vilimokutania na kuchanga senti zao.

Nyumba hizo hazikutoweka zenyewe. Mwaka 1869 sheria mpya iliwarudishia mahakimu uwezo wa kuzikatalia leseni. Sheria ya mwaka 1904 ikaweka mfuko wa fidia ili mabaa na nyumba za bia zilizohesabiwa kuwa za ziada zifungwe. Nyingi zilizosalia zilibomolewa pamoja na mitaa ya makabwela katika karne ya 20. Aghalabu kilichobaki ni jina katika orodha ya leseni, au shauri katika kitabu cha mahakama. Shahidi mkuu akabaki kuwa yule yule aliyeifunga nyumba.

Wako watakaouliza: hayo ya Waingereza yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Katika miaka ya 1920 manispaa ya kikoloni ya Nairobi iliwakataza Waafrika kupika pombe majumbani, ikajitwalia yenyewe haki ya kuwauzia katika ukumbi wake wa Pumwani. Ruhusa ambayo serikali ya Uingereza ilimpa mlipa kodi wake mwaka 1830, mwanamke wa Nairobi aliyepika busaa chumbani mwake alitozwa faini kwa ajili yake. Yeye naye twamjua zaidi kwa karatasi za mahakama. Mwanafunzi aliyezoezwa kumsadiki hakimu wa Manchester bila kuuliza, atamsadiki vivyo hivyo hakimu wa Nairobi.

Basi, wenzetu, neno hilo likitokea darasani msiliruke. Mwulizeni mwanafunzi: maneno haya yamesemwa na nani, naye alikuwa amesimama upande gani wa mlango? Kisha mpeni kazi ya kuandika: aieleze sebule ile kama mjane aliyeuza bia humo angalivyoieleza.