Kyimo Si Njia ya Malori Peke Yake

Mtu akigongwa barabarani, hukumu yake iko tayari kabla polisi hawajafika kupima: "Alikatiza ovyo." Mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani alikatiza ovyo. Mtoto wa shule alikatiza ovyo. Kijana wa bodaboda ndiyo kabisa, huyo hana hata wa kumwombea. Lori halina kosa, lami haina kosa, na bwana mkubwa aliyeketi mezani akachora barabara bila kuuliza watu watavukia wapi, huyo hatajwi kamwe. Ndugu wanachama, neno hili "ovyo" limetuchosha.

Aliyepita njia itokayo Uyole aijua Kyimo: umeshaiacha Kiwira, hujafika Tukuyu. Lami hiyo ndiyo njia kuu ya kwenda Kasumulu na kuingia Malawi, na malori ya mafuta na shehena toka bandari ya Dar es Salaam huifuata usiku na mchana. Nayapite, Malawi haina bahari, na jirani hanyimwi njia. Lakini lami hiyo hiyo ndiyo mahali ndizi, viazi na maparachichi ya Rungwe yanapokutana na mwenye fedha. Mnunuzi wa safari husimamisha gari pembeni, hateremki bondeni kutafuta mgomba. Basi mwuzaji amfuate wapi? Humfuata pale pale penye gurudumu. Anayemwambia mama huyo "ondoka barabarani", bila kumwonyesha pengine ambapo mnunuzi atasimama, amemwambia "ondoka sokoni", na daftari za watoto azinunue kwa nini?

Tena tusisahau nchi yetu ilivyo. Rungwe ni katika wilaya zinazopata mvua nyingi kupita zote Tanzania. Kuna asubuhi ukungu unashuka hata humwoni mtu wa hatua thelathini. Mvua ikinyesha, mwenda kwa miguu ana mambo mawili ya kuchagua, tope la mtaroni au ukingo wa lami. Wote wachagua lami. Nani asingechagua?

Sisi tuliopitia chuo cha ualimu twajua kuwafundisha watoto: tazama kulia, tazama kushoto, tazama tena kulia, kisha vuka. Ni fundisho jema. Lakini mtoto wa miaka saba hawezi kukadiria mwendo wa lori lililotoka kwenye ukungu, hata umwimbishe fundisho hilo mpaka jioni. Ukimwachia yeye mzigo wote wa kujihadhari, umemtwika mdogo kazi ya mkubwa.

Sheria yenyewe haikukosekana. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka mwendo wa kilomita 50 kwa saa ndani ya makazi. Shirika la Afya Duniani lasema hatari ya kufa kwa mtu aliyegongwa na gari huongezeka mara nne na nusu mwendo ukipanda toka kilomita 50 hadi 65. Kilomita 15 tu! Dereva haoni tofauti, jeneza laiona. Lakini kibao cha 50 peke yake hakimzuii mtu. Askari akiwapo mguu hupunguzwa, akienda kunywa chai mguu hurudi. Tuta lililojengwa vizuri halinywi chai wala halipokei kitu mkononi.

Wako watakaosema haya ni mambo ya Ulaya. Si kweli. Dar es Salaam, shirika liitwalo Amend lilipima njia za watoto wa shule za msingi penye ajali nyingi, likajenga njia za miguu, matuta, vivuko na nguzo za kuzuia magari, na pengine likahamisha lango la shule tu litazame upande usio na hatari. Majeruhi walipungua kwa asilimia 26. Kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji mwaka 2019. Haikuhitaji madaraja ya angani. Ilihitaji mtu mwenye futi ya kupimia na masikio ya kusikiliza walimu na wazazi.

Hatusemi bodaboda ni malaika. Anayepakia watu watatu na mkungu juu yake twamkemea hadharani, awe na kadi ya chama au asiwe nayo. Lakini kumkemea yeye kusiwe pazia la kuwaficha wenye kupanga.

Kwa maana wenye kupanga wana desturi ya kurushiana mpira. Barabara kuu ni ya TANROADS. Njia za mitaani ni za TARURA. Soko ni la Halmashauri. Mwananchi akiuliza habari ya kivuko mbele ya soko huzungushwa ofisi tatu na kurudi na vumbi la viatu. Nasi twasema fedha ni yetu, kwa kuwa kila lita ya mafuta inayoingia katika pikipiki ya kijana wetu imekatwa tozo ya Mfuko wa Barabara. Amekwisha kulipa.

Na hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Maana yake nyumba na vibanda vingi vya kando ya barabara kuu viko ndani ya mstari. Watu wa Kimara walibomolewa mwaka 2017 kwa ajili ya upanuzi wa Barabara ya Morogoro, na kilio chao kilisikika nchi nzima. Hatukatai barabara pana. Twakataa barabara pana iletayo mwendo mkali zaidi, huku ikimwondoa mwuzaji na kumwacha mwenda kwa miguu pale pale alipokuwa.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu kwa mujibu wa sheria. Wajumbe wa matawi wasiende safari hii kupiga makofi. Waandikishe katika muhtasari kwamba mchoro wowote wa barabara ya Kyimo ubandikwe kwanza ukutani pa ofisi ya kata, kwa Kiswahili, kabla ya alama ya X kupakwa kwenye ukuta wa mtu. Mchoro huo uonyeshe kivuko kiko wapi, mabasi yatasimama wapi nje ya lami, mama wa ndizi atauzia wapi, na mtaro utafunikwa na nini. Na diwani aupeleke muhtasari huo Tukuyu kwa mkono wake, arudi na jibu lenye sahihi.