Kazi Iko Mbali, Jirani Yuko Hapa

Wakati wa masika yaliyopita baadhi yetu tulikuwa kwenye utume wa mwisho wa juma katika parokia moja ya hapa mjini Morogoro. Jumuiya tuliyopangiwa ilisali Jumamosi asubuhi nyumbani kwa mama mmoja mjane anayepangisha vyumba vya uani. Tulipomaliza kushirikishana Neno la Mungu na kufika kwenye matangazo, mama yule akasema kwa sauti ya chini kwamba mpangaji wake wa chumba cha mwisho hajatoka nje, na sasa ni siku ya tatu. Kodi ameshalipa ya miezi sita. Taa yake huwaka usiku kucha. Hakuna aliyejua jina lake. Watoto wa pale walimwita "mtu wa kompyuta".

Tulienda kugonga. Alikuwa kijana Mtanzania, Mkatoliki mwenzetu, mzaliwa wa mkoa mwingine, anayetengeneza programu za kompyuta kwa ajili ya kampuni iliyoko Marekani. Alikuwa na homa kali na alikuwa akimeza dawa za kutuliza maumivu tu, kwa sababu hakutaka kukosa vikao vya kazi. Wanaume wawili wa jumuiya walimpeleka hospitali, akapimwa, ikaonekana ni malaria. Namshukuru Mungu, alisema, nimepona. Lakini alituambia jambo ambalo halijatutoka: katika siku zile tatu alizungumza na watu zaidi ya kumi, wote kwenye kioo cha kompyuta, na hakuna hata mmoja ambaye angeweza kumletea maji ya kunywa.

Tumeona vema kuandika juu ya kazi hizi zinazofanyika mbali na mwajiri, kwa kuwa zimeshafika Morogoro na parokia zetu bado hazijajua zifanye nini na watu wanaozifanya.

Nani wanakuja, na kwa nini hapa

Tangu janga la korona mwaka 2020, kampuni nyingi duniani ziligundua kwamba mwandishi, mhasibu, mchoraji au mtengenezaji wa programu anaweza kufanya kazi yake akiwa popote penye umeme na intaneti. Wapo wageni kutoka Ulaya na Marekani walioamua kuishi katika nchi za joto, ambako kodi ya nyumba ni nafuu na hakuna baridi kali. Kenya ilitangaza kibali maalumu kwa watu wa namna hiyo mwaka 2024. Wengi huanzia Zanzibar au Arusha. Wachache hufika hapa kwetu, wakivutwa na milima. Lakini pamoja nao wapo vijana wetu wenyewe, waliosoma katika vyuo vyetu, ambao wamepata ajira nje bila kuvuka mpaka.

Morogoro inawafaa. Treni ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na safari hiyo sasa huchukua chini ya saa mbili. Mboga na matunda ya Mgeta hushuka kila siku hadi Soko Kuu la Chifu Kingalu. Milima ya Uluguru iko juu ya mji, na ukipanda hadi Morningside hewa inabadilika kabisa. Hata intaneti yenyewe ina deni kwa mlima: kilele cha Bondwa, chenye zaidi ya mita 2,000, kimebeba minara ya mawasiliano, na katika miteremko ya Bondwa hiyohiyo mto Morogoro huanza safari yake kuja mjini.

Anayekuja kuishi hapa atajifunza mambo mengine haraka. Atajifunza kulala ndani ya chandarua hata kama hasikii mbu. Atajifunza kununua umeme wa LUKU kabla haujaisha usiku wa manane, na kuweka akiba ya maji kwenye ndoo. Atajua kwamba wakati wa masika mvua ikinyesha juu ya bati, kikao cha sauti hakiwezekani. Haya yote si magumu. Mwezi mmoja au miwili, mtu anazoea.

Jambo gumu ni saa. Tanzania imeitangulia New York kwa saa saba au nane kufuatana na majira. Mwenzao akianza kazi saa tatu asubuhi, kwetu ni saa kumi au kumi na moja jioni. Akimaliza, kwetu imeshatimia saa sita au saa saba usiku. Maana yake ni kwamba kijana huyu yuko kazini saa ambazo sisi tunatoka kazini, tunakaa barazani, tunafanya mazoezi ya kwaya. Jumamosi alfajiri, jumuiya inapoanza kusali, yeye ndiyo kwanza amelala saa chache. Si kwamba ameacha imani. Anaishi Morogoro kwa saa za mji mwingine.

Kodi peke yake haitoshi

Wapo wanaosema: anatudhuru nini? Analipa kodi kwa wakati, hapigi kelele, ananunua dukani. Aachwe. Wapo pia wanaosema kinyume, hasa kuhusu wageni: wanapandisha kodi za nyumba, wanaleta mila zisizo zetu, hawamsalimu mtu. Sisi tunaona pande zote mbili zina sehemu ya ukweli. Kipato kinacholetwa na kazi hizi ni halali na kinasaidia familia. Na ni kweli pia kwamba mwenye nyumba akishapata mpangaji anayelipwa kwa dola, mwalimu au muuguzi aliyekuwa akipanga hapo huanza kutafuta chumba mbali zaidi. Lakini pande zote mbili zinamtazama mtu huyu kama pochi, nzuri au mbaya. Hakuna upande unaouliza jina lake.

Wazee wa Uluguru walikuwa na desturi inayoweza kutufundisha. Ardhi ilikuwa ya ukoo, na ukoo kwa Waluguru hufuata upande wa mama. Mtu wa nje aliyeomba shamba katika ardhi ya ukoo alitoa ngoto. Kilikuwa kitu kidogo, ambacho kisingeweza kuhesabiwa kuwa bei ya shamba. Kwa kukitoa alikiri kwamba hapa pana wenyewe, na wao kwa kukipokea walikiri kwamba yupo na wanamtambua. Leo tunalipana kodi kwa simu, miezi sita kwa mkupuo, na mara nyingi mpangaji na mwenye nyumba hawaonani mpaka miezi sita iishe. Pesa imekuwa nyingi kuliko ngoto, na kutambuana kumepungua.

Maandiko Matakatifu yanajua suala hili. Nabii Yeremia aliwaandikia Waisraeli waliopelekwa Babeli wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake, na wautafutie mema mji walimokaa na kuuombea, kwa maana mema ya mji ndiyo yangekuwa mema yao (Yer 29:5-7). Mji ule hawakuuchagua, na mioyo yao ilikuwa Yerusalemu. Hata hivyo hawakuruhusiwa kuishi humo kama watu wa stendi.

Mtume Paulo naye alikuwa na kazi ya kubebeka. Alishona mahema, kazi ambayo angeweza kuifanya katika mji wowote. Alipofika Korintho hakukaa peke yake: alikaa kwa Akila na Priskila, wakafanya kazi pamoja, na akadumu mjini mwaka mmoja na nusu (Mdo 18:1-11). Katika maisha yake aliandika barua nyingi kwenda mbali, lakini mezani alikula na watu waliokuwa karibu.

Na imani yetu hapa ililetwa na watu waliohamia nchi ya joto wakiwa na kazi iliyoagizwa kutoka mbali. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na kutoka pwani wakapanda hadi huku. Makaburi ya Bagamoyo yanaonesha ni wangapi walikufa vijana. Hatusemi kwamba hawakuwa na makosa. Lakini waliodumu walijifunza kusikiliza. Padre Charles Sacleux aliishi na watu wa pwani miaka mingi, akiokota neno baada ya neno, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyochapishwa 1939 bado inatumiwa na wataalamu. Kitabu kama hicho hakiandikwi na mtu aliyejifungia chumbani.

Tunaanza na sisi wenyewe

Kabla ya kuwanyoshea wengine kidole, tujitazame. Wengi wetu seminarini hatukuzaliwa Morogoro. Tumetumwa na majimbo yetu, tunakaa miaka kadhaa nyuma ya ua, tunasoma, tunafanya mitihani, kisha tunaondoka. Ni wangapi kati yetu wanajua maji tunayooga yanatoka mto gani? Ni wangapi wameuliza mama anayetuuzia mchicha hali ya mwanawe? Mto Ruvu unaotoka katika milima hii unawanywesha watu wa Dar es Salaam, na sisi tunaokaa chini yake tunaweza kumaliza masomo bila kujua kijiji kimoja cha Uluguru. Seminari nayo inaweza kuwa chumba cha uani chenye taa inayowaka usiku kucha.

Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mkutano wa AMECEA wa mwaka 1976, waliweka ujenzi wa jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Nia ilikuwa Kanisa liwe pale watu wanapoishi na kufanya kazi. Wakati ule mahali pa kuishi na mahali pa kazi palikuwa pamoja au palikaribiana. Leo kuna mtu ambaye kitanda chake kiko Kihonda na ofisi yake iko Chicago. Jumuiya inayomngojea Jumamosi alfajiri tu, na kumwandika "hashiriki", haijamtafuta.

Kwa hiyo tuna mapendekezo machache. Kwa viongozi wa jumuiya: mpangaji mpya akihamia, mtu mmoja aende kumsalimia ndani ya juma la kwanza, aulize jina na aache namba ya simu. Asianze na michango. Na pale penye watu kadhaa wanaofanya kazi usiku, jumuiya ijaribu kusali mara moja kwa mwezi saa nne asubuhi au Jumapili baada ya Misa. Neno la Mungu halina saa moja tu.

Kwa mwenye nyumba: mjue mpangaji wako. Mpeleke kwa mjumbe na kwa mwenyekiti wa mtaa. Na ukifikiria kupandisha kodi kwa sababu ya mmoja anayeweza, mkumbuke na yule asiyeweza.

Kwa ndugu yetu unayefanya kazi ya mbali, Mtanzania au mgeni: karibu. Ukiwa mgeni kutoka nje, nenda kwanza Uhamiaji ukaulize kibali kinachokuhusu. Usijifariji kwamba kazi ya kompyuta haionekani. Padre mgeni naye huomba kibali cha ukaazi kabla ya kuanza utume wake. Jifunze salamu, na ukishajifunza, zitumie bila haraka; hapa salamu huuliza pia habari za nyumbani. Kuwa na watu watatu wanaoweza kugonga mlango wako. Nenda kwenye msiba wa mtaani, hata kama humjui marehemu, keti tu. Utaona kwamba watu wataanza kukuita kwa jina.

Na kwa waseminari wenzetu: tunapotoka kwenda utume, tuulize swali moja zaidi katika kila nyumba: "Kuna nani mwingine anayekaa hapa?" Lile swali la mwisho wa matangazo ndilo lililomwokoa kijana yule. Halikuulizwa na sisi. Liliulizwa na mama mjane aliyehesabu siku.

Kijana bado anakaa palepale, na kazi yake bado ni ya usiku. Jumamosi hafiki kila mara. Lakini Mama amempa ufunguo wa pili wa lango, na jumuiya imempa kazi ya kutunza orodha ya wagonjwa wa mtaa, kwa kuwa yeye ndiye hodari wa kompyuta. Siku hizi, mtu akiugua pale, yeye ndiye wa kwanza kujua.